Dizeli ya kutoka Lamu hadi Chale: hesabu saa, usihesabu maili

Kila kaskazi inapoanza kulegea, vijana wenye vyombo hapa Chale na wale wa Gazi hunijia na swali moja: "Mzee, Lamu kwenda na kurudi nichukue madumu mangapi?" Siwajibu papo hapo. Nawauliza mashine yao inakula lita ngapi kwa saa. Wengi hawajui, na anayejua huwa anakariri alichoambiwa na aliyemuuzia. Siwacheki, maana nami nilianzia hapo hapo, na nusura nipotee na watoto wa watu.

Nimeona niiandike hesabu yenyewe hapa ili mtu aisome kwa utulivu kabla hajanunua mafuta. Mimi si fundi wa mashine. Ni nahodha wa mashua ya tanga yenye dizeli ndani, nguvu za farasi 30, na haya niliyajua baada ya kosa langu mwenyewe.

Wazee wetu hawakuwa na haja ya hesabu hii. Waliteremka kutoka Lamu kwa kaskazi, wakapanda kwa kusi, na katikati walikaa wakashona matanga. Chombo kilikwenda na msimu. Sisi wenye mashine tumejipa ruhusa ya kusafiri hata wakati wa maleleji, pale upepo mmoja umekufa na mwingine haujazaliwa. Tunasahau kwamba upepo ukilala, mkondo haulali.

Safari ya mashua ya Matondoni

Mashua yangu niliinunua Lamu, imeundwa Matondoni, imekwisha kutumika miaka kadhaa. Ilikuwa mwisho wa Machi. Tulikuwa watu watatu: mimi, mpwa wangu, na baharia mmoja wa Gazi. Aliyeniuzia aliniambia mashine inakula lita 3 kwa saa na chombo kinakwenda noti 5. (Noti moja ni maili moja ya bahari kwa saa, na maili ya bahari ni mita 1,852. Ukitazama ramani ya simu inayosema kilomita, gawanya kwa 1.852.) Kutoka mlango wa Lamu hadi Chale ni kama maili 155 za bahari. Nikagawa kwa 5, nikapata saa 31. Mara lita 3, lita 93. Nikaona mimi ni mtu makini kweli kweli, nikachukua lita 110: lita 10 ndani ya tangi na madumu matano ya lita 20.

Tuliondoka saa 8 mchana, upepo kidogo sana, tanga juu na mashine inanguruma. Saa 8 usiku tulikuwa mbele ya Ras Ngomeni, maili 59 kwa saa 12, sawasawa na hesabu. Nikawaambia wenzangu tutafika nyumbani usiku wa kesho yake.

Kulikuwa na dalili moja ambayo niliiona nikaipuuza. Kwa lita 3 kwa saa, dumu la lita 20 lilipaswa kudumu zaidi ya saa 6 na nusu. La kwanza lilikwisha kwa saa 5, na la pili vivyo hivyo. Nikasema huenda tulimwaga wakati wa kujaza.

Baada ya Ngomeni mashine ilinguruma vile vile, maji yalipita ubavuni vile vile, lakini nchi kavu ilikataa kusogea. Saa 1 asubuhi tulikuwa mbele ya Malindi. Mpwa wangu akatazama madumu matupu, akasema, "Mjomba, hatuingii tukajaza?" Nikamjibu yamebaki lita 40, hizo ni saa 13, na tukiingia Malindi tutapoteza nusu siku. Nilikuwa na haraka ya kufika Ijumaa, na niseme kweli, niliona haya kurekebishwa na kijana.

Mashine ilizima saa 11 jioni, Kilifi tunaiona kwa macho. Upepo hakuna kabisa. Nje ya mwamba pale bahari inaingia kina haraka, nanga yangu haikufika chini. Simu zetu zilikuwa zimekwisha chaji kwa kutazama ramani mchana kutwa. Tulikaa usiku mzima na tochi moja tukiogopa meli, kila mmoja akisoma alichokijua. Kulipopambazuka tulikuwa mbele ya Watamu. Maili 20 tulizozilipia dizeli mchana kutwa, mkondo ulizirudisha bure kwa usiku mmoja. Alhamdulillahi, asubuhi matlai ilianza kuvuma pole pole, tukaingia Watamu kwa tanga.

Jambo linaloniuma mpaka leo ni kwamba mafuta niliyokuwa nayo yalitosha. Nitaonyesha mbele kidogo vipi.

Kwanza pima mashine yako, kwa chombo chako

Kuna kipimo cha haraka ambacho mafundi wengi wanakijua: dizeli hula karibu sehemu mbili za kumi za lita kwa kila nguvu moja ya farasi inayotumika kwa saa. Neno ni "inayotumika". Mashine ya farasi 30 ikifanya kazi nusu, yaani farasi 15, itakula kama lita 3. Ikifunguliwa yote itakula lita 6. Petroli ya mashine ya nje, hasa zile za zamani za kuchanganya oili, hula mara mbili ya hapo au zaidi. Mashine ya 40 ikifunguliwa mpaka mwisho inaweza kumaliza lita 17 hadi 20 kwa saa moja.

Hicho ni cha kukisia tu. Kipimo cha kweli hakihitaji fundi. Jaza tangi mpaka alama, toka siku ya bahari tulivu, endesha saa moja kamili kwa kasi utakayosafiria, chombo kikiwa na mzigo wa safari. Rudi, jaza tena kwa chupa za lita mpaka alama ile ile, uhesabu chupa. Ukipata lita 4, basi ni 4, aliyekuuzia aseme atakavyosema.

Kasi nayo ipime kwenda na kurudi. Simu inakuonyesha unavyosogea juu ya nchi, haikuonyeshi unavyosogea juu ya maji. Ukienda kusini kutoka Chale kuelekea Msambweni ikakwambia 3.5, kisha ukageuka bila kugusa mafuta ikakwambia 6.5, jumlisha ugawe kwa mbili: chombo chako ni cha noti 5, na mkondo wa siku hiyo ni noti 1.5. Umepata vitu viwili kwa safari moja.

Mashua yangu nilipoipima hapa Gazi ilikula lita 4 kwa saa kwa noti 5. Nikampigia simu aliyeniuzia nikiwa na maneno makali mdomoni. Akaniuliza, "Nahodha, chini umeitazama?" Tulipoipandisha pwani ilikuwa imeota majani na chaza tangu omo hadi tezi. Tuliikwangua tukaipaka deheni, nikapima upya, ikashuka mpaka lita 3. Mtu yule hakuwa mwongo. Lita moja kwa kila saa nilikuwa nawalisha chaza.

Mkondo ndio unaoandika bili

Mkondo wa pwani yetu ya kusini hukwenda kaskazini mwaka mzima. Kusi ikivuma huusukuma, nao huzidi noti 2, na kuna siku hufika 4. Kaskazi ikivuma hupungua sana, na wakati huo mkondo mwingine huteremka kutoka Somalia. Hiyo miwili hukutana upande wa Lamu na Malindi, kisha hugeukia bahari kuu. Ndiyo sababu kutoka Lamu hadi Ngomeni sikuona kizuizi, na baada ya hapo nikakutana na noti 2 usoni. Chombo cha noti 5 kikawa cha noti 3 bila mashine kupunguza hata tone.

Kwa hiyo mashine hailipwi kwa maili, inalipwa kwa saa. Ukitaka kujua mafuta, tafuta kwanza saa: maili za safari ugawe kwa kasi iliyobaki baada ya kutoa mkondo. Kisha saa hizo uzizidishe kwa lita.

Wengi huniambia, "Sawa, nitapoteza nikienda, nitafidia nikirudi." Haifidiki. Chukua mtu anayetoka hapa kwenda Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, kama maili 27, na mashine ya 15 inayokula lita 4 kwa saa kwa noti 5. Maji yangekuwa yamesimama, kwenda na kurudi angetumia saa 10 na dakika 48, lita 43. Sasa weka mkondo wa noti 2. Kwenda anabaki na noti 3, saa 9, lita 36. Kurudi ana noti 7, chini kidogo ya saa 4, lita 15 na nusu. Jumla ni zaidi ya lita 51. Mkondo ule ule uliomsaidia umemla lita 8, kwa sababu alikaa saa nyingi upande wa shida na saa chache upande wa raha. Na huyo ndiye mwenye bahati, maana ameanza na shida akamaliza na raha. Anayetoka Chale kwenda Lamu hupelekwa na mkondo akafika amechekelea, na madumu yake yamejaa. Shida inamngoja kurudi. Usipime mafuta ya kurudi kwa mafuta ya kwenda.

Ukipita karibu na mwamba, mkondo mara nyingi ni mdogo kuliko nje. Mvuvi wa Gazi anajua hilo tangu mtoto. Ila usiku, bila mwezi, na mashine usiyoiamini, kukaa karibu na mwamba ili kuokoa lita 10 ni biashara mbaya.

Kupunguza kasi, na wakati kupunguza hakusaidii

Hapa watu hubishana nami sana, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chombo chetu cha mbao kinachosukuma maji hakiendi kama gari. Ukitaka kuongeza kasi kidogo, nguvu inayotakiwa inapanda vibaya, karibu kwa kasi mara kasi mara kasi. Mashua yangu ikiwa safi hula lita 3 kwa noti 5. Kwa noti 6 hula kama lita 5.2. Kwa noti 4 hula lita 1.5 tu. Zaidi ya hapo kuna ukuta: chombo chenye futi 25 majini hakitaki kabisa kupita noti 6 na nusu au zaidi kidogo. Ukikilazimisha kinakaa tezi, kinachimba shimo majini, na dizeli inaishia humo.

Katika maji yaliyosimama, maili 100 kwa noti 6 ni lita 86. Kwa noti 5 ni lita 60. Kwa noti 4 ni lita 38. Kwa hiyo aliyeona mafuta yanapungua na nchi iko mbali, jambo la kwanza ni kurudisha mkono nyuma. Mimi mbele ya Kilifi nilifanya kinyume. Niliongeza mafuta ili niwahi kabla hayajaisha. Ukiisoma sentensi hiyo ukiwa umekaa nyumbani utacheka. Baharini inaonekana ni akili.

Lakini mkondo mkali unabadilisha hesabu. Mkondo ukiwa noti 3 usoni, kwa kasi ya noti 4 unasogea maili moja kwa saa na kuchoma lita 1.5, yaani lita 1.5 kwa maili. Kwa noti 5 unasogea maili mbili na kuchoma lita 3, yaani lita 1.5 kwa maili. Mafuta ni yale yale, ila wa noti 5 amefika kwa nusu ya muda. Ukishuka mpaka noti 3 unanguruma mahali pamoja mpaka tangi likauke. Kanuni ninayoishika ni hii: dhidi ya mkondo usishuke chini ya mkondo na nusu yake. Mkondo noti 2, mimi sishuki chini ya 3. Mkondo noti 3, sishuki chini ya 4 na nusu.

Na tanga je? Upepo ukiwa wa ubavuni, hata mwembamba, tanga na mashine pamoja ni rafiki, unaweza kurudisha mkono nyuma na kasi ikabaki. Upepo ukiwa wa usoni, teremsha tanga na foromali pia. Vikibaki juu vinasukumwa nyuma na wewe ndiye unayevilipia.

Safari ile ile kwa hesabu ya sasa

Turudi Lamu, mwisho wa Machi, chini ya chombo kumechafuka, lita 4 kwa saa. Lamu hadi Ngomeni maili 59 kwa noti 5, saa 12. Ngomeni hadi Chale maili 97 kwa noti 3, saa 32 na ushei. Jumla saa 44, lita 176. Juu ya hapo mimi huongeza theluthi, kwa ajili ya mkondo uliozidi, upepo uliogeuka, au mtu wa kuvuta njiani. Lita 59 nyingine. Jumla lita 235, madumu 12. Nilikuwa nimechukua chini ya nusu.

Madumu 12 ni karibu kilo 200, uzito wa watu watatu, na mashua ndogo inausikia. Ndiyo sababu sasa sifanyi safari hiyo kwa mkupuo. Naikata. Lamu hadi Malindi ni maili 75: saa 17 na kitu, lita 69, na theluthi yake inakuwa lita 92. Malindi hadi Kilifi maili 30, saa 10, lita 40, na theluthi lita 53. Kilifi hadi Mombasa maili 28. Mombasa hadi Chale maili 24 hivi. Kipande kirefu kabisa kinataka lita 92.

Nilikuwa na 110. Lau ningemsikiliza mpwa wangu pale Malindi saa 1 asubuhi, vituo vya mafuta vinafunguliwa, tungelala Kilifi tumeshiba samaki.

Wapo wanaoshika kanuni ya theluthi tatu: moja ya kwendea, moja ya kurudia, moja ya dharura. Kwa uvuvi wa siku moja nje ya Chale ni nzuri. Kwa safari ndefu yenye mkondo haitoshi, maana inadhani kwenda na kurudi ni sawa. Ukiitumia, anza na upande wa shida.

Mambo madogo ya madumu

Tangi la lita 40 halina lita 40 za kutumia. Chombo kikiyumba, mpira wa kufyonza unakuta hewa wakati chini bado yamo, na dizeli ikishaingia hewa ni kazi ya kutoa hewa gizani kwa spana. Mimi huhesabu lita 9 kwa kila 10. Uchafu uliotulia chini nao huamka siku ya mawimbi, kwa hiyo chukua chujio la akiba, na ujaze kupitia kitambaa safi, hasa mafuta ya kununuliwa kwa madumu visiwani. Madumu yapangwe chini katikati, yafungwe kamba, petroli isijazwe mpaka shingoni kwa sababu jua huivimbisha. Maji ya kunywa yasiwe katika madumu ya rangi moja na mafuta. Hilo sitalieleza nililijuaje.

Acha nyumbani, au kwa watu wa BMU yako, saa unayotoka na saa unayotarajia kufika kwa kila kipande, si tarehe tu. Ukiwa na redio ya VHF, chaneli 16 ndiyo ya dharura. Simu moja izimwe kabisa na ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki tangu mwanzo wa safari, ramani isomwe kwenye nyingine.

Na chukua daftari. Kila dumu linapofunguliwa andika saa na mahali. Dumu la kwanza likiisha mapema, umeshajua ukweli ungali na manne. Kwenye mashua yangu daftari hilo halishikwi nami tena. Analo mpwa wangu, na akisema tunaingia Malindi, tunaingia.